Vihenge vya Ukondeni

Haya, wewe unayenisikiliza, nakutegea. Nina bibi harusi: asubuhi anapambwa, jioni anapambwa, wageni wanatoka mbali kumtazama, na hakuna hata mmoja anayemuuliza kama amekula. Ni nani huyo?

Usiseme mwanasesere, maana mwanasesere hali. Usiseme kaburi la tajiri. Aliyesema duka lenye vioo amekaribia, lakini bado. Umeshindwa? Basi nipe mji. Huo unaonipa ni mdogo, niende huko nikafanye nini? Nitajichagulia mwenyewe. Nakwenda Ukondeni, nimefika Ukondeni, nimekula viazi vyao na nimekunywa maziwa yao, na nimekuta jibu ndilo hilo hilo. Bibi harusi ni Ukondeni yenyewe.

Mtu aliyeiona kwa macho yake alikuwa mama mmoja aitwaye Namsifu, diwani wa mji wa Mihogoni. Mihogoni hakuna mhogo hata mmoja. Jirani yake ni Mpungani, ambako kuna maduka ya simu, na ukipita Mpungani unafika Kisima cha Mbuzi, ambako ukitafuta kisima utachoka na ukitafuta mbuzi utachekwa. Mashamba yote ya upande ule yamebaki majina ya vituo vya basi. Wenzake wa baraza walimwambia: "Tumesikia iko nchi imekua na bado ni shamba. Nenda ukaulize wanafanyaje, maana kwetu kimebaki kipande kimoja cha bonde na kila mtu anakitolea macho." Namna alivyosafiri haituhusu. Alifika.

Na alipofika alisimama mpakani, akasahau hata kujifuta jasho. Kwa kweli Ukondeni ni nzuri, na wenyewe wanajua. Vilima vimepangana kama mikeka iliyoanikwa, migomba imejaa mabondeni, ng'ombe wanavuka barabara bila haraka, na kila nyumba imeezekwa nyasi zilizokatwa sawasawa ukingoni. Mlinzi wa mpaka alimsalimu vizuri, kisha akamtazama mabegani.

"Mgeni, jembe lako liko wapi?"

"Sikuja kulima, baba."

"Hakuna aliyesema ulime. Tumesema ubebe."

Akapewa jembe. Lilikuwa jepesi kama mwiko, mpini wa mbao na bapa la mbao, limepakwa rangi ya chuma na kupigwa madoa ya udongo. Ndiyo sheria ya kule: hakuna anayepita barabarani bila jembe begani, ili mtu akitazama kutoka mlimani aone watu wanatoka shamba au wanakwenda shamba. Karani anakwenda ofisini na jembe. Fundi cherehani anakwenda kununua uzi na jembe. Namsifu alikutana na mwalimu mkuu ana majembe mawili, akaambiwa hilo la pili ni kwa ajili ya cheo.

Aliyempokea alikuwa mkubwa wa Ofisi ya Sura, bwana mmoja mrefu, msafi, mwenye sauti ya kuhutubia hata akiomba chumvi. Jina lake Shekiondo, na cheo chake Mlinzi wa Sura. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha nchi inafanana na shamba. Alimtembeza mgeni wake kutwa nzima, na popote waliposimama alinyoosha mkono kama aliyeumba yeye.

"Hapa, diwani, hutaona bati."

Namsifu alichungulia chini ya nyasi za paa la posta. "Si hili hapa?"

"Nimesema hutaliona. Sikusema halipo."

Wakapita ofisini kwake, na jogoo wa ofisi akawika. Jua lilikuwa limeshapanda. Shekiondo akaeleza kwamba jogoo yule amefundishwa kuwika saa ambayo makarani wanafika, kwa kuwa akiwika alfajiri hakuna wa kumsikia. Namsifu aliyaandika yote hayo moyoni bila kucheka, maana alikuwa mgeni, na pia kwa sababu kwao hakuna jogoo wa saa yoyote ile.

Lakini kilichomshangaza kuliko vyote ni vihenge. Unajua kihenge: lile ghala la fito na udongo, tumbo nene, kofia ya nyasi, mtu anawekea mahindi yake. Basi Ukondeni kila nyumba ilikuwa na kihenge nyuma yake. Karibu na soko, ambako nyumba zimebanana, vihenge navyo vilibanana, bega kwa bega. Vilinakshiwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Watu wakisalimiana walisema, "Naona kihenge chako kimependeza," na mwenzake akajibu, "Tunashukuru, hatujakosa." Cha Shekiondo ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote. Kilishinda tuzo mwaka baada ya mwaka, na kitambaa cha ushindi kilining'inia mlangoni pake.

Namsifu alivutiwa. Wakiwa mezani kwa Shekiondo, akataka kuwasifu wenyeji wake kwa dhati.

"Jamani, mna chakula nyie! Naomba hata debe moja la mahindi ya kihenge kile, nikawaonyeshe wenzangu."

Mke wa Shekiondo aliinamia bakuli kama ameona sindano ndani yake. Shekiondo alikohoa.

"Mahindi ya kihenge kile," akasema polepole, "huwa hayatolewi."

"Ya mbegu?"

"Hayatolewi tu."

Baadaye tumbo la mgeni likakumbuka maziwa yote aliyonyweshwa kutwa nzima. Akamwendea mke wa Shekiondo pembeni, akamwomba amwelekeze msalani.

"Msalani ndiko wapi, dada?" yule mama akauliza, kisha akamtazama anavyosimama, akaelewa. "Aaa! Unataka kwenda kuhesabu magunzi. Pita nyuma hapo, kwenye kihenge. Ukiingia jifungie, na ukitoka useme ni mengi."

Namsifu akaenda, akaingia, akahesabu magunzi yake, akatoka. Mke wa Shekiondo alikuwa anamsubiri na maji ya kunawa.

"Ni mengi," Namsifu akasema.

"Tunashukuru, hatujakosa," akajibiwa kwa heshima zote.

Ndivyo alivyoijua siri ambayo nchi nzima inaijua. Mlinzi wa Sura wa kwanza, zamani hizo, alisimama mlimani akatazama nchi yake akaona ni nzuri, ila vibanda vya choo vinaiharibu. Akatoa amri kwamba Ukondeni kusionekane choo wala kusitajwe. Watu wa kule ni watiifu, na tena wana akili. Hawakubomoa kitu. Walivisha kila choo umbo la kihenge, wakaendelea na maisha. Vihenge vya mahindi hasa navyo vikawa vinachanganywa na vile vingine, ikabidi mahindi yahamie uvunguni mwa vitanda.

Huko mashambani amri ile haikumdhuru mtu, kwa sababu nyumba ziko mbalimbali na ardhi ina nafasi ya kumeza. Balaa lilikuwa sokoni. Shimo juu ya shimo, na katikati yake kisima kinachonywesha soko zima. Watoto wa sokoni wakaanza kuhara. Wakapona, wakahara tena. Mganga wa zahanati alipotakiwa kutaja chanzo alisema ni joto, kwa kuwa kisheria Ukondeni haina choo, na nchi isiyo na choo haiwezi kuwa na choo kilichojaa.

Hapo ndipo alipokuja Chambuso.

Chambuso alikuwa mwuza mabomba kutoka nchi ya Majengoni, mtu mnene, mchangamfu, anayemwita kila mtu "ndugu yangu". Alisema anawahurumia wale watoto, na huenda ni kweli. Aliahidi kuleta bomba la majitaka liwasafishie soko lote. Bomba lenyewe alilileta kipande, likawekwa uwanjani watu walione. Lilikuwa pana kiasi cha ndama kupita ndani yake bila kuinama. Njia yake ingetoka sokoni ikateremka Bonde lote lililo chini ya soko mpaka mtoni.

Na Bonde lile lilikuwa la Bi Hiyari.

Namsifu alimkuta huko akiwa amesimama kwenye tope mpaka magotini, anang'oa magimbi. Jembe lake lilikuwa la chuma, zito, limelika upande mmoja.

"Hilo lako la mbao, eh?" Bi Hiyari akasema kabla ya salamu. "Liweke juu ya jiwe, mwanangu. Likipata maji litavimba."

Wakacheka, wakasalimiana. Bi Hiyari akamwonyesha shamba lake. Akamwonyesha mpunga, miwa, magimbi ya aina mbili, na mifereji aliyochimba mama yake na kabla yake bibi yake, ambayo mpaka leo inagawa maji ya Bonde kwa haki. Hakujidai kwa sauti. Ila kila alipopita alikuwa anaigusa mimea kwa kiganja, kama mtu anayehesabu watoto wake kitandani.

"Bi mkubwa," Namsifu akasema, "si bomba litapita chini ya ardhi tu? Mpunga wako utabaki juu."

"Wewe umetoka wapi?"

"Mihogoni."

"Mnalima nini huko?"

Namsifu akafikiri. "Tunalima kodi za nyumba," akasema.

Bi Hiyari akamtazama kwa huruma. "Basi wewe ndiye wa kunieleza mimi. Bomba la upana ule, soko letu linaweza kulijaza? Soko lote tukiamka siku moja tunaumwa tumbo, haliwezi kujaa! Lile bomba lina njaa ya watu ambao hawajafika. Likishapita hapa, Chambuso atasema ni hasara kulilaza tupu. Atauliza, hapa kwenye mpunga kwa nini pasiwe na nyumba? Pale kwenye miwa kwa nini pasiwe na nyumba? Mimi sitafukuzwa. Nitaombwa kwa adabu nisogee, kila mwaka kidogo, mpaka niwe nalima kwenye sufuria dirishani."

"Na watoto wa sokoni?"

"Hao ndio wananinyima usingizi. Usidhani sitaki bomba. Nataka bomba jembamba. Lianze sokoni, liishie kwenye mabwawa ya matete pale juu, kabla ya mpaka wa mashamba, matete yayachuje maji machafu. Liwe dogo kiasi kwamba hata mtu akitaka kuongeza mtaa hawezi. Na huku chini kila anayejenga awe na shimo lake mbali na kisima, na kiwanja kikubwa kiasi cha kutosikia harufu ya vitunguu vya jirani vikikaangwa. Nimelisema hilo barazani. Unajua nimejibiwa nini? Nimeambiwa bomba la nini, mama, nchi hii haina choo."

Siku ya baraza ikafika. Ukondeni hawana jumba la mikutano. Wanakutana kwenye banda la kupokelea maziwa, kwa kuwa ndilo jengo pekee ambalo kila mtu ana sababu ya kufika, na wanakalia madebe matupu yaliyogeuzwa. Wana desturi moja wanayojivunia kuliko vilima vyao, nami sitawalaumu. Kule shauri haliamuliwi kwa wingi wa mikono wala kwa ukali wa sauti. Mwenye shauri anamwuliza mpinzani wake swali moja, kisha anatundika kibuyu kwenye boriti. Aliyeulizwa ndiye wa kujibu, si mwingine, na ajibu kweli tupu mbele ya wote. Akijibu, anateremsha kibuyu, na upande wake ndio unaopanga la kufanya. Maziwa ya jioni yakiingia na kibuyu bado kinaning'inia, mwuliza swali anachukua alichokuja kukitaka. Na hakuna kukata rufaa, kwa sababu maziwa hayangoji.

Chambuso alikuwa ameisoma desturi hiyo vizuri kuliko wengi waliozaliwa nayo. Alisimama, akaweka jembe lake la mbao chini, akamgeukia Shekiondo, kwa kuwa mwenye mamlaka juu ya ardhi ya Ukondeni ni Mlinzi wa Sura, na yeye ndiye aliyekuwa amekataza bomba la aina yoyote.

"Ndugu yangu," akasema kwa upole, "swali langu ni dogo. Kile kihenge kizuri nyuma ya nyumba yako, chenye kitambaa cha ushindi. Ndani yake mna nini?"

Akatundika kibuyu.

Shekiondo akakitazama kibuyu. Akisema mahindi, wataomba kuyaona, na mwongo barazani anapoteza cheo. Akisema kweli, anavunja amri ya walinzi wote waliomtangulia, mbele ya mkewe, mbele ya mwalimu mkuu na majembe yake mawili.

"Swali hilo," akasema, "si la adabu."

"Desturi haijasema liwe la adabu," Chambuso akajibu. "Imesema lijibiwe."

Jua likaanza kupinda. Mzee mmoja akapendekeza kihenge kiitwe "ghala la mambo mengine". Chambuso akatabasamu, akasema hilo ni jina, bado hajaambiwa kilichomo. Mwalimu mkuu akataka waanze kwanza kujadili maana ya "ndani". Wakajadili. Vijana wakatoka kwenda kukamua ng'ombe.

Bi Hiyari akainuka kwenye debe lake. Ukoo wake na ukoo wa akina Shekiondo ni watani tangu zamani, na mtani kule anaweza kukuambia lolote, na wewe huna ruhusa ya kununa.

"Mtani," akaita, "umekauka hivyo kama ugali wa jana! Sema basi. Unadhani kuna mtu humu hajakihesabia magunzi kihenge chako? Mimi mwenyewe nimekipita wakati wa msiba wa baba yako. Kizuri. Kina feni."

Watu wakaangua kicheko, wakajibana haraka. Shekiondo akainamisha kichwa.

"Hiyari, mtani wangu, niache. Nikilisema hilo neno, tumekuwa kama nchi nyingine zote. Tutachekwa mpaka Majengoni."

"Ndiyo, tutachekwa. Sisi wenyewe tutacheka kwanza. Tutacheka mpaka maziwa yaje, halafu tutachimba." Sauti yake ikashuka. "Lakini usiponijibia, hilo Bonde ndilo linakwenda. Mifereji ya bibi yangu, mtani. Mimi siruhusiwi kujibu. Ni wewe tu. Wewe umekaa miaka yote unalinda sura. Uso wa nani unaulinda, kama si huu wangu wenye matope?"

Bi Hiyari akamgeukia Namsifu.

"Mgeni, mwambie kwenu mlichukua bomba gani."

Namsifu hakuwa amejiandaa kusema. Alisimama na jembe lake begani, akaona aibu nalo, akaliegemeza ukutani.

"Tulichukua lile pana," akasema. "Tuliambiwa linapita tu. Mimi nilikuwa msichana, nilishangilia. Kwa kweli magonjwa yalikwisha, sitasema uongo. Lakini hakuna aliyesimama kuuliza liwe na upana gani na liishie wapi. Nyumba zikalifuata. Leo kituo cha basi kinaitwa Mpungani, na mjukuu wangu aliniuliza mpunga ni nini. Nikamwambia ni jina la kituo. Nyinyi mna kitu cha kweli huku chini. Sijapata kuona mtu anayegusa mimea kama huyu mama. Hicho hakihitaji jembe la mbao, wala kuezekewa nyasi. Kama kingekuwa chetu, ningetangaza hata kilichomo vyooni mwetu ili kibaki."

Neno lilikuwa limemtoka. Baadhi ya watu walishtuka, mwalimu mkuu akashika kofia yake. Lakini paa halikuanguka. Nje vilima vilikuwa palepale, ng'ombe walikuwa wanarudi wakipiga kengele, na Bonde lilikuwa linang'aa kwa maji ya mifereji kama lilivyong'aa asubuhi.

Shekiondo alikuwa anatazama huko huko. Kwa mara ya kwanza tangu Namsifu amfahamu hakunyoosha mkono. Alitazama tu, kama mwenye nyumba aliyeamka akakumbuka kwamba ana nyumba. Kutoka barabarani ikasikika milio ya madebe. Maziwa yalikuwa yanakuja. Chambuso akainuka, akajipangusa suruali, akasogea kuelekea kwenye boriti.

"Kaa chini, Bwana Chambuso," Shekiondo akasema.

"Ndugu yangu, maziwa ndiyo hayo mlangoni."

"Mlangoni bado si ndani. Kaa."

Akaliweka jembe lake la mbao sakafuni, kwa utaratibu, kama mtu anayevua viatu nje ya nyumba ya heshima. Akapita katikati ya madebe. Alikuwa mrefu, hakuhitaji kiti. Akanyoosha mkono akakiteremsha kibuyu, akakishika kifuani kwa mikono miwili, akawageukia watu wake. Mkewe alikuwa amejifunika uso kwa viganja, ila vidole ameviachanisha ili aone. Bi Hiyari alikuwa amesimama mlangoni, amewazuia wenye maziwa kwa mkono mmoja.

"Nimeulizwa ndani ya kihenge changu mna nini," Shekiondo akasema kwa ile sauti yake ya kuhutubia, kifua mbele, kama anayetangaza mavuno ya nchi nzima. "Ni choo. Na kimejaa."